Namba za Texas, kodi ya Missouri: gari linadaiwa nini ukihama jimbo?

Swali: "Mtaalamu, habari za kazi. Agosti 2025 mimi na mume wangu tulihama Houston, Texas, tukaja Kansas City upande wa Missouri. Tunapanga nyumba. Tuna magari mawili: Toyota RAV4 ya 2017 yenye maili 88,000, ambayo bado tunailipia benki, na Honda Odyssey ya 2012 yenye maili 171,000, ambayo deni lake lilikwisha. Nilipokwenda ofisi ya leseni kubadili namba nilirudishwa kwa sababu sina risiti ya kodi ya mali. Mali gani? Hatuna nyumba wala kiwanja. Jirani anasema tutalipishwa miaka mitatu ya nyuma. Shemeji anashauri tubaki na namba za Texas hadi ziishe Aprili, na tuendelee kutumia anwani ya ndugu yetu aliyeko Houston. Tufanyeje?"

Dada yangu, pole kwa safari ya bure. Nianze na linalokunyima usingizi: kwa maelezo uliyotoa, Missouri haikudai hata senti moja ya kodi ya gari kwa miaka ya nyuma. Ulichokosa dirishani ni karatasi ya kuthibitisha hivyo, na karatasi hiyo hutolewa na ofisi nyingine kabisa. Kodi mtaanza kuilipa, ila bili yenu ya kwanza itakuja mwishoni mwa 2026. Suala la namba za Texas ni jingine, na hapo ushauri wa shemeji utawaingiza kwenye matatizo.

Tuanze na hilo neno "mali". Kwetu ukisikia kodi ya mali unafikiria nyumba au shamba, na mpangaji anaona hayamhusu. Sheria ya Missouri inagawa mali mafungu mawili: isiyohamishika, yaani ardhi na majengo, na inayohamishika, ambayo wao huiita mali binafsi. Gari, pikipiki, boti, trela, hata ng'ombe wa mfugaji, vyote vimo kwenye fungu la pili. Makochi, nguo na televisheni ya nyumbani havitozwi. Texas haitozi kodi hii kwa gari la familia. Unalipia usajili wa mwaka, unabandika stika kwenye kioo, umemaliza. Tanzania nayo ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya barabara mwaka 2017 ikaihamishia kwenye bei ya mafuta. Wakenya watakumbuka Muswada wa Fedha wa 2024 uliotaka kila gari litozwe asilimia 2.5 ya thamani yake, pendekezo lililoondolewa baada ya wananchi kuja juu. Missouri ina kodi ya jamii hiyohiyo na watu wake wameizoea. Fedha zake karibu zote hubaki kwenye kaunti, na sehemu kubwa huendesha shule za umma.

Kiini cha kodi hii ni tarehe moja: Januari 1. Kaunti inauliza swali moja tu: siku hiyo ulikuwa mkazi wa wapi, na ulikuwa unamiliki gari gani? Ukiwa mkazi wa Missouri Januari 1 na gari ni lako, unadaiwa kodi ya mwaka mzima, hata ukiliuza Februari. Ukinunua gari Januari 2, mwaka huo hulidaiwi. Haigawanywi kwa miezi. Nyinyi Januari 1, 2025 mlikuwa Houston, vivyo hivyo 2024 na 2023, kwa hiyo miaka hiyo yote mko nje. Jirani huenda amemwona mtu aliyeishi Missouri miaka kadhaa bila kujiandikisha kwa kaunti, kisha akatozwa ya nyuma siku alipotaka namba. Hilo hutokea, lakini haliwahusu wageni.

Januari 1, 2026 itawakuta Missouri, na hapo ndipo hesabu inaanza. Mthamini wa kaunti haji kulitazama gari lako. Anachukua mwaka, modeli na namba ya chasisi, anatafuta bei kwenye mwongozo wa bei za magari yaliyotumika, kisha anachukua theluthi moja ya bei hiyo. Theluthi hiyo ndiyo inayotozwa, kwa kiwango cha dola kadhaa kwa kila dola 100. Tuseme RAV4 imewekewa dola 15,000 na Odyssey dola 4,500. Jumla 19,500, theluthi yake ni 6,500. Kiwango cha mahali penu kikiwa dola 8 kwa kila 100, mtalipa dola 520. Bei na kiwango hicho nimevitumia kwa mfano tu. Kiwango halisi hutegemea kaunti, mji na wilaya ya shule mnamoishi, kiasi kwamba nyumba mbili za mtaa mmoja zinaweza kuwa na viwango tofauti. Mwisho wa kulipa ni Desemba 31. Ninawashauri watu wanaotoka majimbo yasiyo na kodi hii wafungue bahasha ya akiba mapema: kwa mfano huu, dola 44 kila mwezi kuanzia Januari. Bili inayofika pamoja na sikukuu, pango na mafuta ya kupasha nyumba joto imewaumiza wengi ambao wangeweza kuilipa bila shida kama wangeitarajia.

Sasa turudi dirishani. Madirisha ni matatu na hayafanyi kazi ya mwenzake, na hapo ndipo wageni wengi wanapozungushwa. Mthamini wa kaunti anaandika nani ana gari gani na lina thamani gani. Mkusanya kodi wa kaunti anapokea fedha na kutoa risiti. Ofisi ya leseni, ambayo kwa kawaida huendeshwa na mkandarasi kwa niaba ya idara ya mapato ya jimbo, inatoa namba na hati. Yule aliyekurudisha hana uwezo wa kukuandikia msamaha wa kodi hata akikuonea huruma. Nenda kwa mthamini, umwambie kwa maneno haya ya Kiingereza, maana ndiyo jina la karatasi yenyewe: "Statement of Non-Assessment". Wengine huiita "tax waiver". Karatasi hiyo inasema kwamba fulani hakustahili kutozwa kodi ya mali binafsi katika kaunti hii kwa mwaka fulani. Ofisi ya leseni inaipokea mahali pa risiti.

Kabla ya kutoka nyumbani, hakikisha unakwenda kaunti iliyo sahihi. Kansas City ni mji uliosambaa juu ya kaunti kadhaa: Jackson ndiyo kubwa, lakini ukiwa kaskazini ya mto Missouri unaweza kuwa Clay au Platte, na kipande kidogo cha kusini kimo Cass. Anwani ya posta inasema "Kansas City" kote huko, kwa hiyo haikusaidii. Angalia jina la kaunti kwenye mkataba wa pango au kwenye ramani ya kaunti. Kwa wasomaji walioko mashariki ya jimbo: St. Louis mji na St. Louis kaunti ni serikali mbili tofauti, kila moja na mthamini wake.

Beba kitambulisho, mkataba wa pango wa Kansas City, hati au usajili wa Texas wa kila gari, na kitu kinachoonyesha mlikuwa Houston tarehe za Januari 1 zinazohusika, kama mkataba wa nyumba ya zamani, bili ya umeme au karatasi ya mshahara yenye anwani ya Texas. Kaunti nyingi zinapokea maombi haya mtandaoni pia. Omba karatasi kwa miaka miwili, 2023 na 2024, na itaje magari yote mawili na majina yote mawili kama hati zina jina lako na la mume wako.

Kwa nini miaka miwili? Missouri inatoa usajili wa mwaka mmoja au wa miwili. Usajili wa mwaka mmoja unadai risiti ya mwaka uliopita. Wa miaka miwili unadai risiti za miaka miwili. Gari lenye mwaka wa modeli wa shufwa hupewa miaka miwili katika mwaka wa shufwa, na la witiri katika mwaka wa witiri. Ukisajili ndani ya 2025, RAV4 ya 2017 inaweza kupata miaka miwili, Odyssey ya 2012 itapata mmoja. Hapa pana jambo ambalo huwashangaza watu mwaka wa pili: mtakapohuisha Odyssey mwaka 2026 mtaulizwa karatasi ya 2025, na mwaka huo pia hamkuwa mnadaiwa, kwa sababu Januari 1, 2025 mlikuwa Texas. Rudini kwa mthamini mkachukue nyingine ya 2025. Risiti yenu halisi ya kwanza itakuwa ya 2026, nayo itahitajika 2027. Wekeni karatasi zote hizi kwenye faili moja, msizitupe baada ya kupata namba.

Tuje kwenye hati. Aliyezoea kadi ya gari ya Tanzania au logibuku ya Kenya amezoea karatasi moja inayobeba kila kitu. Marekani ziko mbili. Hati ya umiliki inasema gari ni la nani na nani analidai. Usajili unaruhusu gari kuwa barabarani na ndio unaoambatana na namba na stika. Unaweza kuwa na usajili bila kushika hati, na ndiyo hali ya RAV4 yenu: hati iko kwa benki, na Texas mara nyingi huwa haijachapwa kabisa, imo kwenye mfumo wa elektroniki.

Kwa Odyssey kazi ni nyepesi. Peleka hati halisi ya Texas, karatasi kutoka kwa mthamini, uthibitisho wa bima na cheti cha ukaguzi, ujaze fomu namba 108 ya Missouri. Usisaini nyuma ya hati. Sehemu ile ni ya kumhamishia mnunuzi. Mtu akisaini pale kwa kudhani anajaza maombi, au akafuta kwa wino mweupe, ofisi inaweza kuikataa hati nzima, na utalazimika kuomba nakala mpya kutoka Texas na kusubiri posta. Kama mlimaliza deni lakini hati bado inaonyesha jina la benki, mnahitaji pia barua ya benki ya kuthibitisha kwamba deni limeisha.

Kwa RAV4, benki haina haja ya kuiachia hati ili mpate namba. Fomu ni hiyohiyo 108, lakini mnaomba usajili peke yake, mkiambatanisha nakala ya hati au ya usajili wa Texas. Hati mtaibadilisha kuwa ya Missouri deni likiisha. Piga simu benki leo uwape anwani mpya. Siku deni litakapokwisha hati itatumwa kwenye anwani waliyo nayo, na kama ni ile nyumba ya Houston, itapokelewa na mtu msiyemjua.

Ukaguzi wa usalama unategemea umri na maili. Gari ambalo halijapita miaka 10 tangu mwaka wake wa modeli, na lina maili chini ya 150,000, limesamehewa. RAV4 imo kwenye msamaha huo, Odyssey imetoka kwa vigezo vyote viwili. Ada ya ukaguzi haizidi dola 12, na cheti kinadumu siku 60, kwa hiyo usikimbilie kukagua kabla hujapata karatasi ya mthamini. Watakagua breki, taa zote, tairi, wipa, honi, usukani na mfumo wa moshi. Kabla hujaenda, lizungukie gari jioni mtu mwingine akikanyaga breki, uone kama taa ya juu ya kioo cha nyuma nayo inawaka. Balbu iliyoungua inatosha kukufelisha. Hata gari lililosamehewa, likitoka jimbo jingine, hupelekwa kituo cha ukaguzi kuhakikiwa namba ya chasisi na maili, basi peleka yote mawili kwa safari moja. Kipimo cha moshi wa injini ni cha eneo la St. Louis; Kansas City hakihitajiki.

Hofu nyingine ambayo hukuitaja, lakini huja baadaye, ni kodi ya mauzo. Mtu anapoomba hati ya Missouri, jimbo hutaka asilimia 4.225 ya bei ya gari pamoja na kodi za mji na kaunti. Gari lililosajiliwa kwa jina lako na kutumika katika jimbo jingine kwa siku 90 au zaidi kabla ya kuja halitozwi. Usajili wa zamani wa Texas ndio ushahidi wako, uwe nao mkononi. Aliyenunua gari wiki chache kabla ya kuhama abebe mkataba wa mauzo unaoonyesha kodi aliyokwisha kulipa Texas.

Sasa ushauri wa shemeji. Missouri inakupa siku 30 tangu uwe mkazi. Nyumba, kazi na watoto kuandikishwa shule ndivyo vinavyokufanya mkazi, na stika ya Texas kuwa hai hadi Aprili haiongezi hata siku moja. Siku 30 zimepita? Usijifiche, wengi huchelewa, na anayefika na karatasi zake zimekamilika huhudumiwa. Ukisimamishwa na polisi kabla hujabadili, unaweza kupewa tiketi.

Ila kinachonitia wasiwasi zaidi kwenu ni bima. Bei ya bima hupangwa kulingana na mahali gari linapolala. Ukiiambia kampuni gari linalala Houston huku linalala Kansas City, umetoa maelezo ya uongo kwenye mkataba, na siku ya ajali wana sababu ya kukataa kulipa. Fikiria dola 520 mnazotaka kuzikwepa, kisha fikiria gari la mtu mwingine na matibabu yake, vyote vikiwaangukia nyinyi wawili. Mwiteni wakala abadilishe bima kuwa ya Missouri kwa anwani ya kweli. Kiwango cha chini cha hapa ni dola 25,000 kwa mtu mmoja aliyeumia, 50,000 kwa ajali, na 25,000 kwa mali ya wengine, pamoja na kinga dhidi ya dereva asiye na bima. Msifute bima ya Texas kabla mpya haijaanza kufanya kazi. Hata pengo fupi linaweza kupandisha bei. Mkishafunga namba mpya, zile za Texas zikunjeni au mzikate kabla ya kuzitupa, na mwondoe magari hayo kwenye akaunti ya barabara za kulipia za Houston.

Baada ya mwaka mpya kuna kazi moja ambayo hakuna atakayewakumbusha kwa uhakika. Kati ya Januari 1 na Machi 1 kila mkazi anatakiwa kumpelekea mthamini orodha ya magari aliyokuwa nayo Januari 1. Mnaweza kuletewa fomu kwa posta kwa kuwa mlichukua karatasi ya msamaha, au msiletewe. Isipofika, ifuateni. Ukichelewa unaongezewa faini. Vilevile, bili kutokufika mwezi wa Novemba au Desemba hakufuti deni. Kuanzia Januari 1 riba na adhabu huanza kupanda, na bila risiti hutahuisha namba. Mkihama nyumba, hata kutoka Jackson kwenda Clay, waarifuni wathamini wa pande zote mbili. Mwaka huo utalipwa kwenye kaunti mliyokuwamo Januari 1.

Chunguzeni majina kwa jicho kali. Kwa familia nyingi zilizokuja kama wakimbizi kutoka Kongo na Burundi, jina la ukoo na la kwanza hugeuzwa kwenye nyaraka, na waliokosa cheti cha kuzaliwa wengi wameandikiwa tarehe ya kuzaliwa Januari 1. Matokeo yake kaunti moja inaweza kuwa na watu wawili wenye jina na tarehe ileile ya kuzaliwa, na bili ya mmoja ikaingia kwa mwingine. Kila unapowasiliana nao tumia namba ya akaunti ya kaunti na namba ya chasisi, herufi kwa herufi. Mkiona kwenye orodha gari msilolijua, au toleo la RAV4 ambalo ni la bei kubwa kuliko lenu, mpigieni mthamini mara moja. Mkishindwa kuelewana kuhusu thamani, kila kaunti ina bodi ya kusikiliza rufaa, na ina tarehe ya mwisho ya kupokea malalamiko.

Kwa kuwa mko Kansas City, huenda siku moja mkavuka mpaka kwenda upande wa Kansas, kama wengi wanavyofanya wakifuata nyumba au shule. Kansas nayo hutoza kodi ya gari, lakini huitoza pamoja na usajili na kuihesabu kwa miezi. Ukivuka Machi, Missouri bado inakudai mwaka mzima na Kansas inaanza kuhesabu miezi yake. Kama tarehe ya kuhama iko mikononi mwenu na mwaka unakaribia kuisha, kukamilisha kuhama kabla ya Januari 1 kunaokoa fedha halali.

Mengi ya haya mtayamaliza wenyewe kwa safari mbili. Nendeni ana kwa ana, mkiwa na mtu wa kuwasaidia, endapo mojawapo ya haya yatatokea: kaunti imewatumia bili ya mwaka ambao mlikuwa Texas, hati ya Odyssey imepotea au ina jina la mtu aliyefariki, benki iliyokopesha imefungwa au imeuza deni, au mmepewa tiketi yenye tarehe ya mahakama, ambayo hamtakiwi kuikosa hata kama mmeshabadili namba. Shirika lililowapokea kama mlikuja kwa njia ya ukimbizi, au ofisi ya msaada wa kisheria kwa wenye kipato kidogo, ndipo pa kuanzia. Dirishani ombeni mkalimani wa Kiswahili kwa simu kabla ya kusaini chochote. Na karatasi ya mthamini ikishatoka, isome palepale: mwaka, majina, namba za chasisi za magari yote mawili. Kosa la herufi moja likigunduliwa pale kaunta hurekebishwa hapohapo. Likigunduliwa ofisi ya leseni, utapanga foleni upya.